Dirisha la Upande wa Kengele

Emilian hakuwa mtu wa kuchelewa. Miaka miwili ya uchumba wetu wa kujificha, akisema saa tisa, saa tisa kasoro dakika kumi utamkuta anakusubiri, shati limenyooshwa, miwani ya jua ameitundika kifuani kama madereva wote wa watalii pale Karatu. Jumatatu ile nilimwambia saa nane mchana, nyuma ya jengo la kufulia. Saa nane ikapita. Na nusu ikapita. Nikasimama katikati ya kamba za nguo, magauni ya kijani ya wagonjwa yakinipiga usoni kwa upepo, na kila dakika aliyochelewa ilinithibitishia jambo nililokuwa namwomba Mungu lisiwe kweli.

Mnaosoma habari hii mtaniambia nisamehe. Najua. Wanawake tunaambiwa tusamehe kabla hatujamaliza hata kueleza tulichofanyiwa. Basi ngojeni nieleze kwanza.

Wiki tatu nyuma, wakulima na wafugaji walipigana kwenye kitongoji cha Endasilo, penye mfereji wa maji. Nani alianza, mimi sikuwapo. Kila aliyeletwa kwetu alikuwa na jibu lake. Walikuja kumi na saba, wengine kwenye pikapu, wengine kwenye tela la trekta, mmoja mgongoni kwa kaka yake. Hospitali yetu ya misheni ina wodi moja tu ya wanaume. Aliyekata na aliyekatwa ilibidi walale chumba kimoja.

Sista Angelina, mtawa anayetusimamia wauguzi, alisimama mlangoni na mkasi mkononi. "Wavueni wote," akasema. Shuka nyekundu, makoti, sweta za mitumba, shanga, rozari, vyote vikaingia kwenye mifuko na mifuko ikafungiwa stoo. Kila mmoja akavaa gauni la kijani. Vitanda vikapewa namba. Majina yakabaki kwenye vichwa vya wauguzi watano na mlinzi mmoja, mzee Obedi, ambaye alikuwa akitusaidia kuwageuza wagonjwa. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Waliacha chakula kwenye meza ya getini, makande ya hawa na maziwa mgando ya wale, sisi tukabeba ndani.

"Humu hakuna mkulima wala mfugaji," Sista alituambia. "Kuna vidonda. Atakayemwambia mtu wa nje nani amelala wapi, ahesabu ameua."

Mimi, Valeria, nilijibu "Ndiyo, Sista" kwa sauti kubwa kuliko wenzangu wote.

Katika vita ile, upande wa wakulima, alikufa Benson, mdogo wake Emilian. Kwao Kansay wakasema aliyemchoma mkuki ni kijana mfugaji wa Engaresero anayeitwa Supeet. Polisi hawakusema ni yeye, hawakusema si yeye. Supeet alikuwa kwetu, kitanda namba tisa, mikono yote miwili imevunjika. Mpaka pua ikimwasha ilibidi amwite nesi.

Jumapili, saa nne asubuhi, watu wengi wakiwa misa ya pili, mtu aliyejifunga skafu usoni alipita kwenye mahindi nyuma ya wodi. Hakusimama dirisha la kitanda cha nane. Hakusimama la kumi. Alisimama la tisa, akavunja kioo, akaingiza nondo. Alimpiga Supeet begani mara mbili. Angempiga ya tatu kama si mzee Qamara wa kitanda cha nane, mkulima, mguu wake umening'inizwa na mawe ya kuuvuta, aliyemtupia kopo la mkojo likampata usoni, huku akipiga kelele kwa Kiiraqw mpaka waimbaji kanisani wakanyamaza.

Mtu yule akakimbia. Hakuna aliyemwona sura.

Na kwa kuwa mzee Obedi ni mtu wa Kansay, kila kidole kikamwelekea yeye. Jumatatu asubuhi nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya Sista, sweta lake la ulinzi amelikunja mapajani, anasubiri gari la polisi lililosemwa lingefika saa kumi. Wodini wagonjwa watatu walikuwa wameshaondoka. Mmoja aliondoka na kidonda kibichi, usaha unatiririka.

"Dada nesi," Supeet aliniuliza nilipokuwa namfunga bega, "alijuaje ni dirisha hili?"

"Sijui."

"Mimi nataka kwenda. Nikalale porini kwetu. Porini hakuna dirisha."

Alitaka kucheka, maumivu yakamkataza. Nikainamia bandeji ili asinione macho. Kwa sababu nilijua alijuaje.

Gari la Emilian liliingia saa nane na dakika arobaini. Lile lile la watalii, paa la kufunguka, vumbi la mbugani bado kwenye magurudumu. Akashuka. Kwenye kiti cha nyuma nikaona kilemba cha kitenge kipya.

"Umemleta mama?"

"Kaja mwenyewe, Vale. Kaja kukuona wewe. Mama yangu! Miaka miwili hii ulikuwa unaombea nini?"

"Miaka miwili na miezi mitatu."

Akatabasamu. Niliyajua matabasamu yake yote, na lile lilikuwa la kazini, analowapa wageni simba wasipoonekana. Akasogea kunishika mkono. Nikavuta shuka kwenye kamba, likakaa kati yetu.

"Alhamisi," nikasema, "saa nne na robo, chai ya asubuhi. Ulisimama pale kwenye ua wa michongoma. Uliniambia nini?"

"Mpenzi, tusianze..."

"Uliniambia nini, Emilian?"

Siku nyingine zote nilimwita Emi. Akalisikia hilo. Tabasamu likamshuka.

"Nilikwambia nataka kumsamehe yule kijana."

"Sema yote."

"Si unakumbuka mwenyewe?"

"Nakumbuka. Nataka nikusikie."

Akatazama chini, akachora vumbi kwa ncha ya kiatu. "Nilisema padre katuambia tumwombee adui. Kwamba kila nikipiga magoti sijui nielekee wapi."

"Na kengele?"

"Vale..."

"Na kengele!"

"Nilisema kengele ikilia nataka kujua kama na yeye anaisikia."

"Na mimi nikasema anaisikia vizuri. Nikasema amelala dirisha la upande wa kengele, lile linalotazamana nayo kabisa."

Kamba zikawa zinalia kwa upepo. Nilimkumbuka vile alivyokuwa Alhamisi, macho mekundu, ameshika michongoma bila kujali miiba, na mimi nikatoka pale nikiruka kama mtoto, nikimwambia moyo wangu kwamba nimempata mwanamume anayeweza kumwombea muuaji wa mdogo wake. Kidume kizima kinalia kwa ajili ya adui! Nani asingeyeyuka? Angenipa hereni ningeshtuka. Angenipa simu ningeuliza maswali. Mimi binti wa misheni alinijia na sala, akapita mlango ambao sikuwahi kuufunga.

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Usiniongopee mara ya pili, ya kwanza bado haijapoa. Ulimwambia nani?"

"Felisiani," akasema. Kaka yake mkubwa. "Lakini naapa, Vale, nilijua anataka kumwona tu. Amwone kwa macho. Alisema halali, hajui sura ya mtu aliyemuua Benson."

"Kumwona kwa nondo?"

"Sikujua habari ya nondo!"

"Jana mchana ulinipigia simu. Uliniuliza nimekula nini. Ulikuwa unajua."

Akavua miwani kifuani, akaivaa, akaivua tena. Na mwili wangu, laana juu yake, ulitaka kwenda kuishika ile mikono iliyohangaika na miwani. Hilo silifichi. Mapenzi hayaondoki siku hiyo hiyo unayoujua ukweli. Yangekuwa yanaondoka, tusingeumia.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Kijana hakufa. Si ndiyo? Yuko hai. Felisiani ana watoto watano. Mama kamzika Benson juzi tu. Ukisema jina hapa, mama anabaki na nani?"

"Na mzee Obedi?"

"Obedi watamwachia. Hana kosa, watamwuliza maswali wiki moja, watamwachia."

"Kama hana kosa kwa nini alale ndani hata siku moja?"

"Kwa sababu..." Akatafuta maneno. "Unaweza kusema dirisha linaonekana kutoka barabarani. Useme yeyote angeweza kumwona. Nani atakupinga? Jumamosi washenga wanaenda kwa baba yako. Mwaka huu huu tunafunga ndoa, kanisa hili hili. Tukae kwetu, Vale. Kwetu. Si ndicho ulichotaka?"

Hapo mlango wa gari ukafunguka.

Niwaeleze juu ya mama huyu, Mama Felisiani. Baba yangu alikuja kutoka Singida kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Karatu na hakurudi. Sisi tumezaliwa kwenye nyumba za mabati za wafanyakazi. Siku ya kwanza Emilian aliponipeleka kwao Kansay, nilipiga magoti nikamwamkia mama yake, shikamoo mama, naye akamwambia ng'ombe wake asogee. Ng'ombe! Kisha akamwambia mwanawe, mimi nikiwa nimepiga magoti pale pale: "Huyu watu wake hawana hata kaburi moja hapa. Mtoto atakayemzaa tutamwambia babu yake ni nani?" Tarehe naijua, gauni nililovaa nalijua. Miaka miwili shikamoo zangu zilikuwa zikianguka chini, na hakuna aliyeziokota.

Halafu, siku nane baada ya kumzika Benson, ikaja barua ya posa. Baba aliisoma mara tatu, akaniita akanionyesha muhuri wa mwenyekiti wa ukoo kana kwamba mimi sioni. Nikasema msiba umewalainisha. Nikawaombea.

Sasa mama huyo alikuwa anakuja kwangu kupitia katikati ya mashuka, anayasogeza kwa mkono kama anapita kwenye mahindi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Miaka miwili nililisubiri neno lile na lilipokuja likanikuta siku ile.

Akanishika mabega yote mawili. Alikuwa amekonda kwa msiba, macho yameingia ndani. "Usimgombeze mwenzio," akasema. "Nyie ni vijana. Mimi ndiye niliyesema. Tulipokaa kikao baada ya matanga, wazee wanakataa, wanasema wa Singida, wa Singida, mimi nikasimama. Nikasema huyo binti yuko ndani ya wodi. Kama atatusaidia kwa ajili ya Benson, huyo ni wetu, barua iandikwe kesho."

"Mama!" Emilian akapiga kelele.

Akamgeukia mwanawe. "Nini? Si umesema ameshajua yote?"

Nakumbuka gauni moja la kijani lilidondoka kwenye kamba, nikaliokota, nikalikung'uta vumbi, nikalitundika upya na vibanio viwili. Mikono ilifanya yenyewe.

"Barua ilikuja kwa ajili ya hili?" nikamwuliza Emilian.

"Si hivyo."

"Sala ilikuwa baada ya barua. Kwa hiyo uliposimama pale michongomani unalia, ulikuwa umeshakubaliana nao."

"Nilikubali kwa sababu ndiyo njia pekee waliyonipa!" Sasa alikuwa analia kweli, au alikuwa analia kama Alhamisi, nilikuwa nimepoteza uwezo wa kutofautisha, na hilo ndilo aliloniibia. "Ningefanyaje, Vale? Miaka miwili nawaomba, wananicheka. Nikasema basi, niwape jambo moja dogo, wanipe wewe. Jambo moja dogo!"

"Jambo hilo lina jina. Anaitwa Supeet, ana miaka kumi na tisa, hawezi kujikuna pua."

"Kamuua mwanangu," Mama Felisiani akasema. Hakupaza sauti.

"Labda, mama. Mimi sijui na wewe hujui. Benson angeletwa hai kutoka Endasilo, angelala wodi hii hii, kwa gauni hili hili, na mama yake Supeet angekaa getini na kibuyu chake asijue mwanao yuko dirisha gani. Ningemficha Benson kama nilivyopaswa kumficha huyu."

Akaondoa mikono mabegani mwangu. Nikaona uso wake unafunga, ule uso wa siku ya ng'ombe. "Ukitoka hapa ukaenda kule ndani," akasema, "usije ukakanyaga kwangu. Wala wazee wako wasisubiri mshenga."

"Mama, mwache kwanza," Emilian akamsihi. Akaja akasimama mbele yangu, karibu, mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake. "Vale wangu. Nitazame. Ukisema, na wewe kazi huna. Umefikiria? Utarudi kuchuma kahawa?"

Nikamtazama. Niliyatazama yale macho niliyoyapenda tangu siku alipomleta mgeni aliyepasuka kichwa na akakesha kwenye benchi mpaka mgeni akazinduka. Nilitaka kumwona mtu yule. Alikuwamo. Hapo ndipo palipouma: alikuwamo.

"Baba yangu alichuma kahawa miaka thelathini," nikasema. "Hajawahi kumpeleka mtu polisi kwa kosa alilolifanya yeye."

Nikaondoka. Hakunifuata, au alinifuata kwa hatua chache. Sikugeuka nihakikishe.

Mzee Obedi alikuwa bado kwenye benchi. Nikamshika mkono, nikaingia naye ofisini bila kubisha hodi. Sista Angelina alikuwa anaandika. Akaweka kalamu chini.

"Si mzee Obedi," nikasema. "Ni mimi. Alhamisi nilimwambia mchumba wangu, Emilian wa Kansay, kwamba Supeet amelala dirisha la upande wa kengele. Emilian akamwambia kaka yake, Felisiani."

"Unajua unachosema, Valeria?"

"Najua, Sista."

"Alikulazimisha?"

Hapo ningeweza kudanganya kidogo. "Aliniomba vizuri," nikasema.

Sista akafumba macho. Mimi nilitamani anipige. "Mzee wangu," akasema mwishowe, "vaa sweta lako. Nisamehe."

Obedi akakunjua sweta polepole. Hakumtazama Sista, alinitazama mimi. "Jana nilikuuliza, binti," akasema. "Jana saa sita nilikuuliza kama umesikia lolote. Ukaniambia hujasikia. Mke wangu kalala jana akiamini ameolewa na muuaji."

Jana nilikuwa nasubiri Emilian aniambie si yeye. Nilimpa siku nzima, na siku ile haikuwa yangu kuitoa.

"Funguo za wodi," Sista akasema. Nikaziweka mezani. "Mambo yako tutayapeleka kwa daktari mkuu. Lakini kabla polisi hawajafika, nenda wodini ukawaambie mwenyewe. Wote. Wakijua mdomo ulikuwa mmoja, huenda wakakubali kubaki."

Nikaenda. Nikasimama katikati ya vitanda kumi na vinne vyenye watu na vitatu vitupu, nikasema. Mzee Qamara alitafsiri kwa Kiiraqw kwa wale wa kwao, kijana mmoja akatafsiri kwa Kimasai. Nilisikia kosa langu likisemwa kwa lugha tatu. Wengine walisonya. Mmoja alinitukana, na alikuwa na haki.

Supeet alisubiri mpaka nilipomaliza.

"Huyo mwanamume anakupenda?" akauliza.

"Anasema ananipenda."

Akafikiri. "Mimi nataka kitanda kingine. Cha katikati. Na dawa anipe nesi mwingine."

"Sawa."

"Basi. Nitabaki."

Nilipotoka nje, gari la polisi lilikuwa linakata kona ya kanisani. Emilian alikuwa hajakimbia. Amesimama kando ya gari lake, mama yake amekaa ndani na kilemba amekivuta mpaka machoni. Aliponiona alinyoosha kola ya shati, akajipangusa uso, akaja mpaka nusu ya uwanja.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Na jina langu?"

"La kwanza kabisa. Baada ya langu."

Akatikisa kichwa, kama dereva aliyeambiwa barabara imefungwa mbele. Askari wawili walikuwa wanashuka. "Vale," akasema haraka, "nikitoka huko, nitakukuta?"

Miaka miwili na miezi mitatu nilikuwa namsubiri mtu huyu kwenye ua, kwenye vituo vya mafuta, nje ya lodji akiwashusha wageni. Nilijua kusubiri kuliko nilivyojua kazi yangu.

"Ukitoka," nikamwambia, "nenda Engaresero kwa mama yake Supeet. Ukamwambie ulichofanya, kama mimi nilivyosimama mle ndani. Mimi usinitafute."

Sista alikuwa ameshatoka kuwapokea; akawaambia, na askari mmoja akauliza nani ni Emilian. Aliinua mkono mwenyewe. Nikageuka kabla hawajamfikia, nikashika njia ya nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya kahawa, kwenda kumwambia baba asishone suti ya harusi.